Arthur Waley: Msomaji wa Kijapani Asiyepata Kuiona Japani

Mtu asimamaye kando ya barabara ya Bombo pale Bwaise, chini ya kilima cha Makerere, huziona teksi za abiria zikipita moja baada ya nyingine kuelekea Kawempe au kurudi mjini. Nyingi katika hizo zilitembea kwanza katika barabara za Japani kabla ya kuuzwa huku kwetu, na baadhi yake zimefika zikiwa na maandishi ya Kijapani mlangoni au ubavuni. Pengine ni jina la duka, pengine ni la shule ya watoto au la kampuni ya mabomba. Sisi hupanda, tukalipa nauli na kushuka, wala hatujui tumebebwa na gari lililokuwa la nani. Fundi wa gereji aweza kuifungua injini yote na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja, lakini ile mistari michache ya rangi iliyoko mlangoni ni fumbo kwake, kama ilivyo fumbo kwetu sisi tunaojidai kuwa wasomi.

Tumeanza na jambo hili dogo kwa sababu leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyetazamana na maandishi ya namna hiyo hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akakataa kuyaacha yabaki fumbo. Hakuwa na mwalimu wa kumwongoza hatua kwa hatua, jicho lake moja lilikuwa bovu, na mpaka anakufa hakupata kuikanyaga nchi ya Japani. Hata hivyo aliisoma riwaya mashuhuri kuliko zote za Wajapani katika lugha yake yenyewe, tena lugha ya kale ambayo hata Wajapani wengi wa siku zake waliiogopa. Mtu huyo ni Arthur Waley.

KIJANA MWENYE MACHO MABOVU

Waley alizaliwa tarehe 19 Agosti, 1889, huko Tunbridge Wells, mji ulio kusini-mashariki ya London, Uingereza. Wakati huo jina la ukoo wake lilikuwa Schloss. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na baba yake alikuwa mtaalamu wa uchumi. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza wengi waliwachukia watu wenye majina ya Kijerumani. Ndipo Arthur, kama wengine wengi wa hali yake, alipoliacha jina hilo na kushika Waley, jina jingine lililokuwamo katika ukoo wao.

Alisoma shule ya Rugby, kisha akaingia King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alijifunza Kigiriki na Kilatini. Alikuwa mwanafunzi hodari, na hapana shaka angaliweza kubaki chuoni kuwa mwalimu. Lakini macho yalimsaliti. Ugonjwa ulimharibu jicho moja hata likawa halioni ipasavyo, naye akashauriwa alipumzishe lile lililobaki. Jamaa zake waliona afadhali aingie katika biashara. Yeye, kwa upande wake, hakuwa na moyo wa biashara hata kidogo.

Mwaka 1913 alipata kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, katika idara ya picha na michoro ya nchi za Mashariki. Mkuu wake alikuwa Laurence Binyon, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Kazi yenyewe ilikuwa ya karani: kuzipanga picha za China na za Japani, na kuandika orodha ya wachoraji wake. Basi pembeni mwa picha hizo mlikuwamo maandishi: jina la mchoraji, muhuri wa mwenye mali, au shairi lililoandikwa kwa kalamu ya burashi. Karani asiyejua kusoma maandishi hayo angaliweza kuipanga picha juu chini asijue. Waley alitambua kwamba hana njia ila mbili: ama abaki mtu wa kuhesabu karatasi tu, ama ajifunze Kichina na Kijapani. Alichagua njia ya pili, na alizianza lugha zote mbili kwa wakati mmoja.

KUJIFUNZA PASIPO MWALIMU

Yafaa tueleze kidogo kazi aliyojitwika. Kijapani huandikwa kwa namna mbili zilizochanganywa. Kwanza kuna alama zilizotoka China, ambazo ni maelfu, na kila moja yachukua maana yake. Pili kuna herufi za silabi, ambazo Wajapani huziita kana. Hizi zapatikana katika seti mbili, na kila seti ina herufi arobaini na kitu. Hapo mtu wa Kiswahili atashangaa kujiona hayuko mbali sana na nyumbani, kwani Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Mtoto wa darasa la kwanza aimbaye ka, ke, ki, ko, ku amekwisha kutamka safu nzima ya herufi za Kijapani, ila mpango wao ni tofauti. Ugumu hauko mdomoni. Uko machoni na katika kumbukumbu.

Waley alijifunza kwa kamusi chache zilizokuwapo, kwa vitabu vya maktaba, na kwa saa nyingi za kukaa peke yake. Shule ya Elimu ya Mashariki ya London ilikuwa bado haijafungua milango yake alipoanza. Ilifungua mwaka 1917. Mwaka 1916 alichapisha kwa fedha zake nakala chache za mashairi ya Kichina aliyoyatafsiri, akawagawia rafiki zake. Miaka miwili baadaye, yaani 1918, kilitoka kitabu chake cha mashairi 170 ya Kichina, nacho kikamfanya ajulikane.

Ila kitabu kinachotuhusu zaidi leo ni kile kidogo alichokitoa mwaka 1919 juu ya mashairi mafupi ya Kijapani yaitwayo uta. Watafsiri wengi huificha lugha ya asili, nao humpa msomaji tafsiri tu kana kwamba hapakuwa na kitu kingine. Waley alifanya kinyume. Alilichapisha kila shairi kwa maneno yake ya Kijapani katika herufi za Kilatini, akaweka tafsiri sahili kando yake, na akaongeza maelezo ya sarufi. Maoni yake yalikuwa kwamba ushairi wa Kijapani hauwezi kuonjwa sawasawa ila katika lugha yake yenyewe, na kwamba mtu mwenye nia aweza kuijua lugha ile ya kale kwa miezi michache tu. Wataalamu waliomfuata wamelicheka kidogo neno hili la miezi michache, maana wao iliwachukua miaka. Lakini tuutazame moyo uliolisema. Kijana aliyekatazwa kuyachosha macho yake alikuwa akiwaita wenzake waje waketi naye kusoma, wala hakutaka ujuzi huo uwe mali yake peke yake.

RIWAYA YA BIBI WA IKULU

Mwaka 1921 alitoa tafsiri ya tamthilia za Kijapani ziitwazo No. Mwaka uliofuata, 1922, Makerere ilifunguliwa kuwa shule ya ufundi, juu ya kilima kile kinachoitazama Bwaise. Na katika miaka hiyo hiyo ndipo Waley alipokuwa akiikaribia kazi iliyolihifadhi jina lake: kuisoma na kuitafsiri riwaya iitwayo Genji Monogatari, yaani Hadithi ya Genji.

Riwaya hii iliandikwa mwanzoni mwa karne ya kumi na moja na mwanamke wa ikulu tunayemjua kwa jina la Murasaki Shikibu. Hilo si jina lake halisi. Ni la kupewa tu. Zamani zile wanaume wenye elimu waliandika kwa Kichina, na mtoto wa kike hakutazamiwa kukijua. Murasaki alikijua kwa kusikiliza kaka yake akifundishwa, naye akawa hodari kumpita huyo aliyekuwa akifundishwa, hata baba yao akasikitika kwamba hakuzaliwa mwanamume. Alipokuja kuandika riwaya yake hakutumia Kichina cha wakubwa. Alitumia Kijapani cha nyumbani, kwa herufi za kana zilizohesabiwa kuwa ni za wanawake. Twamkumbuka hapa Mwana Kupona wa Pate, ambaye mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani mwake, na utendi huo ukadumu hata leo.

Genji ina sura 54, watu wapatao mamia, na mashairi mafupi karibu mia nane ndani yake. Yasimulia maisha ya mwana wa mfalme aliyenyimwa nafasi ya kurithi kiti, mapenzi yake, makosa yake, na uzee wake. Kisha yaendelea na maisha ya waliobaki baada ya kufa kwake. Wengi huihesabu kuwa ndiyo riwaya ya kwanza kubwa duniani.

Ugumu wake katika lugha ya asili ni wa namna ya pekee. Watu wake hawatajwi kwa majina ila kwa nadra. Hutajwa kwa cheo au kwa mahali wanapokaa, na cheo kikibadilika, wito nao hubadilika. Mara nyingi sentensi haisemi ni nani atendaye. Msomaji hutambua kwa daraja ya heshima iliyomo katika kitenzi: ikiwa kitenzi ni cha heshima kuu, basi atendaye ni mkubwa, ikiwa ni cha unyenyekevu, basi ni mtumishi. Jambo hili lisingewashangaza wazee wa Buganda. Kabaka akifariki, Waganda hawasemi kwamba amekufa kama wasemavyo juu ya mtu mwingine. Husema kwamba moto wa Buganda umezimika. Mgeni asiyeijua desturi hiyo atatafuta moto ulipo, ilhali mwenyeji amekwisha kuanza kulia. Kuisoma Genji ni kukutana na mambo ya namna hiyo katika kila ukurasa.

Waley aliifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka mingi. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1925, na ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, mwaka 1933. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1929, aliacha kazi ya makumbusho ili apate wakati wa kusoma na kuandika. Yasemekana desturi yake ilikuwa kukisoma kifungu mpaka maana imemkaa moyoni, kisha kukiweka kando kitabu na kuandika kwa Kiingereza kama mtu asimuliaye aliyoyaona mwenyewe, na baadaye kurudi kuhakikisha. Waingereza waliisoma tafsiri ile wakastaajabu.

LAWAMA ZAKE

Tusingekuwa tumemtendea haki msomaji wetu kama tungemsifu Waley tu na kuyaficha makosa yake. Sura ya thelathini na nane ya riwaya ile, iitwayo Suzumushi kwa jina la mdudu wa jamii ya nyenje aliaye usiku, aliiacha nje kabisa. Mashairi mengi aliyayeyusha ndani ya nathari, hata msomaji asijue kwamba hapo palikuwa na shairi. Vyumba vya Wajapani wa kale, ambao walikaa chini juu ya mikeka, mara kwa mara alivipa vyombo na sura ya nyumba za Wazungu. Waliokuja kuitafsiri tena Genji kwa Kiingereza, Edward Seidensticker mwaka 1976 na Royall Tyler mwaka 2001, walikuwa waangalifu zaidi, na walirudisha yaliyoachwa.

Je, tumhukumu vipi? Sisi twaona kwamba makosa haya yenyewe yanathibitisha lile alilolisema mwaka 1919. Kama msomaji aliyeipenda riwaya ile kupita kiasi aliweza kuiacha sura nzima, basi mwenye kutegemea tafsiri peke yake hula chakula alichokwisha kutafuniwa, wala hajui kilichotemwa. Hapa Uganda jambo hili twalijua. Okot p'Bitek alitunga kwa Kiacholi, na mwaka 1966 aliitoa kwa Kiingereza ile kazi yake inayojulikana kama Song of Lawino, akiitafsiri kwa mkono wake mwenyewe. Ile ya Kiacholi, Wer pa Lawino, ilitoka baadaye, mwaka 1969. Okot mwenyewe hakuficha kwamba katika kuvuka huko kuna kilichopunguka. Ikiwa mtunzi akijitafsiri mwenyewe hupoteza kitu, sembuse mgeni atafsiriye maneno ya mwanamke aliyekufa yapata miaka mia tisa kabla yake!

Lakini ni kosa pia kuidharau tafsiri. Mwandishi wa riwaya wa Kijapani, Masamune Hakucho, alikiri kwamba Genji ya Kijapani cha kale ilimchosha, na kwamba aliipata ladha yake alipoisoma kwa Kiingereza cha Waley. Ajabu ya pili ilitokea zamani zetu hizi: kati ya mwaka 2017 na 2019 tafsiri ya Waley yenyewe ilitafsiriwa tena kwa Kijapani cha leo, ikapata wasomaji huko huko Japani. Maji yaliyochotwa kisimani na mgeni yalirudishwa kwa wenyeji, nao wakayaona ni matamu.

MLANGO NA WALIOUPITIA

Katika Vita Kuu ya Pili, Japani na Uingereza zikawa maadui. Serikali ya Uingereza, ambayo ilikuwa na watu wachache mno waliojua Kijapani, ilimchukua Waley afanye kazi katika Wizara ya Habari, akikagua maandishi ya Kijapani. Mtu aliyetumia ujana wake kusoma mapenzi na huzuni za ikulu ya kale alitumia miaka ya vita kuchungua maneno ya watu wale wale kwa jicho la mpelelezi. Hata hivyo hakuacha kazi yake ya moyoni. Mwaka 1942, mabomu yakiwa yamekwisha kuiharibu sehemu kubwa ya London, alitoa tafsiri ya riwaya ya Kichina ya kuchekesha, ihusuyo nyani mjanja aendaye safari ya kutafuta vitabu vitakatifu.

Ng'ambo ya bahari tafsiri yake ilikuwa imekwisha kuzaa tunda. Mwaka 1940 kijana mmoja wa Marekani, Donald Keene, aliiona Genji ya Waley katika duka la vitabu mjini New York, ikiuzwa kwa senti 49. Aliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Hakujua neno hata moja la Kijapani, lakini riwaya ile ilimkamata hata akataka kuisoma kama alivyoiandika mwenyewe bibi yule. Alijifunza Kijapani katika jeshi la wanamaji la Marekani, na katika vita kazi yake ikawa kusoma, miongoni mwa mambo mengine, madaftari ya kumbukumbu waliyoyaacha askari wa Kijapani waliouawa. Kwa kuyasoma madaftari hayo aliwatambua maadui kuwa ni watu, wenye mama na wenye njaa. Baadaye akawa profesa mashuhuri wa fasihi ya Kijapani. Mwaka 2012, baada ya lile tetemeko kubwa la mwaka 2011, alipokea uraia wa Japani, na huko Tokyo ndiko alikofia mwaka 2019. Safari yote hiyo ilianza kwa senti 49 na kwa tafsiri yenye sura iliyoachwa.

MWISHO WAKE

Waley alipata heshima nyingi uzeeni. Mwaka 1953 alipewa Nishani ya Dhahabu ya Malkia kwa ajili ya ushairi, na mwaka 1956 akaingizwa katika daraja ya Companion of Honour. Yasemekana aliitwa mara nyingi kwenda Mashariki, lakini hakwenda. Watu wengi wameeleza kwamba hakutaka China na Japani alizozijua vitabuni zivurugwe na zile za siku zake. Sisi hatumsifu kwa hilo, maana kuwaona watu wenyewe ni jambo jema. Lakini pia latufundisha kwamba mtu asiye na nauli hana haki ya kusema kuwa njia imefungwa.

Bibi Beryl de Zoete, aliyekuwa mtaalamu wa ngoma za Mashariki na aliyeishi naye miaka mingi, alifariki mwaka 1962. Waley mwenyewe alimwoa Alison Robinson mwaka 1966, akiwa mgonjwa sana, na tarehe 27 Juni ya mwaka huo huo akaaga dunia mjini London. Amezikwa katika makaburi ya Highgate.

Turudi basi Bwaise. Teksi ile yenye maandishi mlangoni ingali inapita, na kesho nyingine itafika bandarini Mombasa, iletwe mpaka huku na maandishi yake. Hatusemi kwamba kila fundi na kila abiria aache shughuli zake aisome Genji. Lakini katika kila teksi huketi kijana mmoja ambaye macho yake hayachoki kuitazama ile mistari, na huyo ndiye tuliyemwandikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aanze na ile ka, ke, ki, ko, ku aliyokwisha kuijua tangu darasa la kwanza, akumbuke kwamba kabla yake alikuwako karani mwenye jicho moja aliyeanzia pembeni mwa picha, kwa jina la mchoraji tu, akafika mpaka sura ya hamsini na nne.